Nakshi Zavuka Daraja

Kabla ya Daraja la Nyali la mwaka 1980, na kabla ya lile la kuelea lililotangulia mwaka 1931, mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, alivuka maji kwenda mashambani. Ng'ambo kulikuwa na minazi na mkonge. Leo wajukuu wake ndio wenyeji wa Nyali, Kongowea, Kisauni na Bamburi. Mjini kodi ilipanda, na mirathi iligawanya vyumba hata visigawanyike tena. Basi wakahamia kwenye maghorofa yanayochipuka kama uyoga. Nasi tulihama pamoja nao. Wiki hii tumependa kuwaandikia wasomaji wetu, hasa kina mama, juu ya mafundi wa nakshi: je, nao walivuka?

Tulimkuta mmoja Kisauni, karakana yake imebanwa baina ya duka la simiti na duka la simu. Patasi zake ni za urithi. Marehemu baba yake alikuwa akichonga milango ya mbambakofi: miimo iliyozungushwa nakshi ya mnyororo, mfaa katikati, na kizingiti cha juu kilichoandikwa mwaka wa Hijria. Mlango mmoja ulikula miezi. Mwana hajachonga mlango kamili kwa miaka kumi, kwani mwenye ghorofa huagiza milango arubaini ya chuma kwa siku moja, yote sura moja. Kwa hiyo amejizoeza kuchonga vitu vinavyopita kwenye ngazi nyembamba: fremu za vioo, vichwa vya vitanda, marufaa za misahafu. Hakulalamika. Alitueleza kuwa nyumba za siku hizi hazina baraza wala daka, lakini bado zina kuta, na ukuta mtupu humchosha mwenyewe. (Hata vijana wanaotia urembo wa jipsamu kwenye dari, kwa maoni yetu, ni warithi wa waliochonga zidaka za chokaa Lamu na Pate, ingawa hakuna aliyewaambia.)

Lakini kilichotupeleka huko ni mlango mmoja mkongwe ulioegemezwa ukutani mwa karakana.

Mwaka jana ndugu wanne, mwanamume mmoja na wanawake watatu, walikubaliana nyumba ya marehemu baba yao ibomolewe, kujengwe ghorofa. Mlango ukaletwa kwa fundi ukatwe, ufanywe meza za kuuza. Fundi alishika msumeno, akausoma mwaka uliochongwa, akauweka msumeno chini. Si kwamba hakuhitaji pesa. Aliitambua kazi ya mkono wa babake.

Dada mdogo naye akakataa usikatwe. Kaka akasema mlango usio na pa kufungwa ni kuni tu. Mzozo ukafika kwetu. Jawabu halikuwa gumu: mlango ni mirathi kama nyumba yenyewe. Ukathaminiwa, ukagawanywa mafungu matano, mawili ya kaka na fungu mojamoja kwa kila dada. Anayeutaka mzima awalipe wenzake yale manne. Kaka akaridhia, kwa sharti la mwaka mmoja.

Dada huyo ni mpambaji wa hina. Zamani alikuwa akifuatisha maua ya Bara Hindi aliyoyaona kwenye simu, kama wafanyavyo wengi. Tangu mlango ufike karakanani huja na karatasi na kalamu, akanakili mnyororo na maua ya miimo, kisha akayahamishia mikononi mwa maharusi. Hina hupanda toka kifundo cha mkono hadi kiwiko kama mwimo unavyopanda. Siku hizi huitwa hadi Likoni na Kilifi. Hutumia hina ya majani peke yake. Piko la dawa ya nywele amelikataa, kwani limewaunguza wengi ngozi. Na rangi ya hina haizuii maji ya udhu, suala ambalo tungali tunaulizwa kila mwezi.

Dada zake wawili amekwisha kuwalipa. Yamesalia mafungu mawili ya kaka, na muda unakwisha mwishoni mwa mwezi wa Mlisho, wakati ambapo harusi huwa nyingi kabla ya Ramadhani. Tulipoaga, alikuwa amepiga magoti akiupangusa mfaa vumbi la simiti kwa ncha ya leso.