Saa za Kuokoa Macho

Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe ya sumu. Serikali yenyewe ilieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa imewekwa kama ushahidi katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, ikaibwa na kurudi kwa wanywaji. Baadhi ya walionusurika walipoteza macho. Mwaka wa 2014, mwezi Mei, balaa kama hilo lilipita Embu, Murang'a, Kiambu na kwingineko, likaua makumi ya watu.

Kila mara hufuata msako. Kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina na Othaya, mitungi humwagwa hadharani na baa hufungwa, kisha wiki chache baadaye milango hufunguliwa tena. Sipingi msako. Kinachoniuma ni kwamba mke au mama wa mnywaji haelezwi kinachoendelea ndani ya mwili wa mtu wake, wala saa alizobakiwa nazo.

Methanoli, sumu inayopatikana katika pombe kama hiyo, hulewesha kama pombe nyingine, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ladha. Ini ndilo huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo hushambulia neva za macho. Mara nyingi hilo huchukua saa 12 hadi 24, na zaidi ikiwa imechanganywa na pombe ya kawaida. Basi mtu hunywa jioni, akalala, akaamka akidhani ni uchovu wa ulevi tu. Baadaye tumbo humkata, hutapika, hupumua kwa kasi, macho huingia ukungu. Wapo wanaoomba taa iwashwe ilhali jua ni la saa sita. Mililita 10 za methanoli tupu, ambazo hazijazi hata kijiko cha mezani, zaweza kupofusha. 30 zaweza kuua.

Nyumbani husemwa, "Mwacheni alale, itamtoka." Kauli hiyo imezika watu. Hospitalini daktari anaweza kumpa mgonjwa dawa ya fomepizoli, au ethanoli iliyopimwa, ili ini lisipate nafasi ya kuigeuza methanoli kuwa sumu, kisha damu isafishwe kwa mashine. Hiyo si ruhusa ya kumtoa loki, yaani kumwondolea uchovu wa ulevi, kwa glasi nyingine nyumbani; pombe hiyo huenda ikawa na sumu ile ile. Mgonjwa wa Mukurwe-ini au Kieni akimbizwe hospitali ya rufaa ya Nyeri, wa Kirinyaga apelekwe Kerugoya, na anayempeleka aseme wazi kwamba amekunywa pombe haramu. Jamaa wengi huona haya, wakataja tumbo peke yake. Saa zinakwenda.

Pombe isiyo na methanoli nayo huua, ila kwa miaka. Ini hujaa mafuta, hupata makovu, hatimaye macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio ikipasuka mtu hutapika damu. Mashavu yaliyovimba, ambayo vijijini huonwa kuwa alama ya mlevi, mara nyingi ni tezi za mate zilizotanuka. Nyayo huwaka moto usiku kwa sababu neva zimeharibika, hasa kwa mtu anayekunywa badala ya kula na kukosa vitamini B1. Akiongeza kutafuna muguka, majani ya kusisimua, ili akeshe, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda zaidi.

Kuna hatari nyingine, nayo huja baa zinapofungwa. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, na kufikia siku ya tatu akatetemeka, akaona visivyokuwepo, hata akafa. Familia humfungia chumbani ikiamini inamsaidia. Huyo anahitaji kitanda, diazepamu, B1 na mhudumu wa kumwangalia usiku kucha. Chifu anayepanga msako wa Ijumaa awaarifu wahudumu wa zahanati Alhamisi, ili dawa hizo ziwe zimefika kabla ya baa kufungwa.