Oda Kwanza, Mavuno Baadaye

Katika miji midogo mingi siku hizi kuna kundi la WhatsApp la kuuza chakula. Asubuhi mtu anaweka picha ya matenga ya nyanya, watatu wanauliza bei, mmoja anaomba apunguziwe, na jioni nusu ya nyanya bado zipo. Wanakikundi huamini soko la mtandaoni limekwishaanza, na kwamba kilichobaki ni kumpata kijana wa kuwatengenezea programu ya simu. Ushauri wangu kwao huwa mmoja: fedha ya programu iwekwe kando, kwanza tukubaliane saa ya kufunga oda.

Saa hiyo inabeba mambo mengi kuliko inavyoonekana. Katika soko tulilolizoea, mkulima huvuna kwanza kisha akatafuta mnunuzi. Mzigo ukishashushwa, mwenye haraka ni yeye, na dalali analijua hilo vizuri. Ushirika wa chakula wa mtandaoni unaupindua mpangilio huo. Jumatatu kila mkulima anataja atakachokuwa nacho na bei yake. Wanachama wanaagiza mpaka Jumatano saa mbili usiku. Orodha ikifungwa, kila mkulima anaambiwa avune nini na kilo ngapi, na Ijumaa alfajiri anavuna kitu ambacho kimekwishauzwa. Mchicha usiokuwa na mwenyewe unabaki shambani ukiendelea kukua. Atakayeagiza Alhamisi asubuhi asubiri wiki ijayo, hata akiwa mwenyekiti. Najua hapa panauma, kwa sababu kumkatalia jirani si tabia yetu, lakini nimeona vikundi vikifa kwa huruma hiyohiyo: oda moja ya kuchelewa inamrudisha mkulima shambani, ya pili inavuruga hesabu, na baada ya mwezi hakuna tena anayeiheshimu orodha.

Mzunguko wa namna hii umejaribiwa kwingine kwa miaka mingi. Katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, ushirika wa Oklahoma Food Cooperative, ambao Robert Waldrop alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulianza kugawa oda mwaka 2003, mara moja kwa mwezi. Wakulima na walaji wote walikuwa wanachama wa chama kimoja. Jambo la kujifunza zaidi kwao ni kwamba ushirika haukununua mazao. Bidhaa iliendelea kuwa mali ya mkulima mpaka ilipofika mkononi mwa mlaji. Kazi ya ushirika ilikuwa kupokea oda, kupanga, kusafirisha na kukusanya malipo. Kwa hiyo haukuhitaji mtaji wa kujaza stoo. Programu ya kompyuta waliyoitumia iliandikwa na wanachama wenyewe, wakaitoa bure, na vyama vya majimbo mengine vikaichukua.

Finland walikwenda kwa njia nyepesi zaidi. Mwaka 2013 mkulima aitwaye Thomas Snellman alianzisha utaratibu uitwao REKO: kundi la Facebook, oda zinaandikwa humo, kisha siku iliyopangwa wauzaji na wanunuzi wanakutana kwenye maegesho ya magari kwa muda mfupi, kila mtu anachukua chake na kuondoka. Hakuna ofisi wala stoo, na kila mkulima anamalizana na mteja wake moja kwa moja. Utaratibu huo umeenea mpaka Sweden na Norway. Kwa kaya 15 zinazofahamiana ningeanza hivyohivyo. Lakini REKO humtegemea mkulima anayeingia mtandaoni mwenyewe, na kwetu wakulima wengi wazuri wana kitochi. Kwa hiyo anahitajika mratibu: mtu anayepiga simu Jumatatu, anayeandika orodha kwa niaba ya mama mwenye bamia nyingi na simu ya vitufe, na anayempigia tena Jumatano usiku kumsomea oda zake. Bila mtu huyo, soko la mtandaoni litakuwa la wakulima wenye simu kubwa tu, na hao mara nyingi si wenye shida ya kuuza.

Chukua mji kama Lushoto. Milima ya Usambara inalisha masoko ya Tanga na Dar es Salaam kwa kabichi, karoti, viazi na matunda, na mzigo huo hushuka kwa magari makubwa. Mwalimu, muuguzi na mama ntilie wanaoishi palepale hawahitaji gari kubwa. Wanahitaji kilo mbili za viazi na fungu la majani, kila wiki, kwa uhakika. Mahitaji yao ni madogo mno kumvutia dalali, na ndiyo yanayokitosha kikundi cha wakulima kumi.

Kuagiza kwa mtandao kunalazimisha pia kipimo. Huwezi kuagiza lumbesa usiyoiona. Lazima iandikwe kilo, au idadi, au ujazo unaojulikana kama sado na debe, na lazima uwepo mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, si ule wa mkulima wala wa mnunuzi. Hata mafungu ya mchicha yapimwe, mkubaliane gramu ngapi. Mkulima aliyezoea kujaza gunia mpaka lipande kilemba, akalipwa bei ya gunia moja, huona tofauti siku ya kwanza anapolipwa kwa kila kilo aliyoileta.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo matumaini mengi hukwama. Tuseme kaya 40, kila moja inaagiza vitu vya shilingi 15,000 kwa wiki. Mauzo ni 600,000. Ushirika ukichukua asilimia 10 unapata 60,000. Toa 20,000 za bajaji ya kuwazungukia wakulima, toa 10,000 za bando, mifuko na makato ya miamala. Zinabaki 30,000 za kumlipa mratibu na wanaopima. Humo hamna pango la chumba, hamna jokofu, hamna mshahara wa kijana wa programu. Ukumbi wa shule, kanisa au msikiti kwa saa tatu za Ijumaa unatosha. Napendelea ada igawanywe, asilimia tano kwa mkulima na tano kwa mlaji, na ionekane wazi kwenye ankara, ili pasiwe na mtu anayedhani huduma hii inajiendesha. Na msishindane na genge kwa urahisi wa bei. Genge halina safari ya bajaji wala mpimaji, litawashinda. Mlaji anabaki kwa sababu kilo ni kilo na mboga ilikatwa asubuhi ileile.

Malipo yafanyike kabla ya orodha kufungwa. Waasisi 28 wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844 wakiwa na unga, siagi, sukari na shayiri, walikataa kukopesha, na kwa haki kabisa: chama kichanga hakiwezi kubeba madeni ya wanachama wake. Fedha iingie kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, kamwe isiwe simu ya mtunza hazina, hata angekuwa mtu mwaminifu kuliko wote. Akiugua au akifiwa, fedha ya watu 40 haitakiwi kusubiri msiba uishe. Mkulima alipwe siku ileile ya kugawa, kwa kiasi kilichopimwa. Akiwa amepungukiwa, wanachama wagawiwe kwa uwiano na tofauti irudishwe.

Anzeni na mboga, matunda, mayai, asali na nafaka. Nyama na maziwa vina ukaguzi wake na vinahitaji ubaridi; vingojee. Nafaka nazo si za kupokelewa kwa macho tu. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, kwa sababu mahindi mabichi yakifungwa kwenye gunia hualika sumukuvu. Kipima unyevu kinunuliwe mapema, kabla ya kompyuta.

Usajili usikimbiliwe. Kenya watu kumi wanatosha kuomba kusajiliwa kama chama cha ushirika. Tanzania mtaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na mlango wa kuanzia ni ofisa ushirika wa wilaya. Mimi ningefanya kazi kama kikundi kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, ndipo nikaandike masharti ya chama. Kufikia hapo kikundi kitakuwa kimekutana na maswali ambayo masharti ya kunakili hayayajibu: trei ya mayai yaliyovunjika kwenye bajaji ni hasara ya nani, barabara ikikatika kwa mvua oda zinaahirishwa au fedha zinarudi, mkulima aliyeuza pembeni kilichokwisha kuagizwa anasimamishwa mizunguko mingapi, na nani anashika mzani zamu ya wiki hii.