Mpaka wa Eneo Katika Ramani ya Uoto: Mfano wa Kijiji cha Kewanja

Ramani ya uoto wa ardhi huonesha kilichokuwa juu ya ardhi siku setilaiti ilipopiga picha: shamba, kichaka, nyasi, maji, makazi au ardhi iliyo wazi. Haimtaji mwenye ardhi, wala haichukui nafasi ya tathmini ya fidia, ambayo ni kazi ya wathamini kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo, ramani hiyo huwekwa mezani kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na takwimu zake hubaki kwenye majalada kwa miaka mingi. Kwa Kijiji cha Kewanja, Kata ya Kemambo, kinachopakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, kosa katika ramani ya namna hiyo si dogo. Na kosa lenyewe huweza kuingia mapema sana, pale mtaalamu anapoielekeza kompyuta ni eneo lipi lichorwe.

Programu zitumikazo kwa kazi hii, kama vile SEPAL ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), huhitaji kupewa mpaka wa eneo kabla ya kuchambua. Mpaka huo hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuchagua jina katika orodha ya nchi na mikoa iliyomo tayari. Ni njia ya haraka, lakini orodha hiyo haishuki hadi ngazi ya kijiji. Ya pili ni kuchora kwa mkono juu ya picha, jambo linalofaa kwa majaribio tu, kwani anayechora hukisia. Ya tatu ni kuingiza faili la mpaka uliopimwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua mipaka ambayo kijiji kimekubaliana na majirani zake, na mpaka wa aina hiyo ndio unaostahili kuingizwa.

Hapa ndipo penye mtego. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS na simu za mkononi hutumia mfumo wa WGS 84. Namba za mahali zinafanana kwa sura, lakini hazielekezi sehemu moja. Mpaka ulionakiliwa kutoka ramani ya zamani ukiingizwa kana kwamba ni wa WGS 84, kijiji chote husogea takriban mita 300, hasa kuelekea kaskazini. Umbo la kijiji halibadiliki, kwa hiyo jicho halishtuki. Lakini mita 300 katika eneo kama la Kewanja zatosha kuyahesabu mashamba ya kijiji kuwa ya jirani, au kuuhesabu mwamba uliochimbwa kuwa ardhi ya kijiji iliyoharibika. Dawa yake ni rahisi: faili la mpaka liandamane na maelezo ya mfumo wake, na mtaalamu ayasome kabla ya kuendelea. Kwa upande huu wa Mara, programu huelekezwa katika ukanda wa 36 Kusini.

Upana wa eneo nao una hoja yake. Anayetaka kujua ekari za mahindi, mihogo na malisho atosheke na mpaka wa kijiji. Anayechunguza maji hawezi, maana Mto Tigithe humwaga maji yake katika Mto Mara, na Mara huanzia Kenya, katika nyanda za juu za Mau, ukapita Serengeti hadi Ziwa Victoria. Maji hayatambui mpaka wa kijiji, wala wa nchi. Uchunguzi wa namna hiyo hufuata bonde la mto, na takwimu za Kewanja hutolewa ndani yake baadaye.

Pamoja na mpaka, programu huomba tarehe. Picha za kiangazi, Juni hadi Agosti, zina mawingu machache. Lakini shamba lililokwisha kuvunwa huweza kufanana na kifusi cha mgodi. Ni busara kuilinganisha na picha ya msimu wa mazao. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002, hivyo atakaye kuona hali ya kabla yake atategemea picha za Landsat, ambazo kila kipande chake huwakilisha mita 30 kwa 30. Ekari moja huchukua vipande vinne na nusu hivi. Picha za Sentinel-2, zilizoanza mwaka 2015, zina vipande vya mita 10, na ekari hiyo hiyo hupata takriban 40. Kuzilinganisha hizo mbili bila kuzingatia tofauti hiyo ni kujidanganya.

Mwananchi hahitaji kuijua programu ili kuukagua mpaka. Ramani inapoletwa katika mkutano wa kijiji, aombe mstari wa mpaka uoneshwe juu ya picha yenyewe ya setilaiti, kabla ya rangi. Kisha wazee na wenyeviti wa vitongoji wataje alama zisizohama: njia panda, shule, mahali kijito kinapoingia mtoni. Alama tatu au nne zikiangukia upande usio wake, kazi irudishwe kwa mtaalamu, na sababu iandikwe katika muhtasari wa mkutano.