Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kuwaka

Vikundi vingi siku hizi vimeweka kando lile daftari la jalada gumu. Akiba ya kila mwanachama, mikopo, faini za kuchelewa, zamu ya mbuzi, yote yamo ndani ya kompyuta. Halafu asubuhi moja karani anabonyeza kitufe na mashine inanyamaza. Kama ni Novemba na mgawo ni Desemba, yatakayofuata mnayajua wenyewe: minong'ono inaanza, na karani anaitwa mwizi hata kabla ya mkutano kukaa.

Basi mfahamu jambo moja. Kompyuta kutowaka si sawa na hesabu kupotea. Faili hukaa kwenye diski, nayo ni kitu mbali na betri, skrini na chaja. Hivyo vyote vinaweza kufa na diski ikabaki nzima.

Hasara kubwa mara nyingi hutokea kwa fundi mwenye haraka. Ameambiwa kompyuta iwake, naye anaiwasha kweli: anafuta diski na kuweka Windows mpya. Mashine inarudi nzuri, lakini tupu. Kabla ya kumwachia, mwambieni kwa mdomo na mbandike karatasi juu yake: TOA FAILI KWANZA, USIFUTE KITU.

Kabla ya fundi, jaribuni mambo mepesi. Tafuteni chaja nyingine ya aina ile ile. Chomoeni chaja, toeni betri kama inatoka, shikilieni kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, kisha mrudishe chaja peke yake. Ikiwa feni inavuma lakini skrini ni nyeusi, imulikeni kwa tochi kutoka upande. Mkiona picha hafifu, iliyokufa ni taa ya skrini tu. Unganisheni televisheni kwa waya wa HDMI na mnakili kazi yenu.

Kama inawaka lakini Windows imegoma, iko njia ya flashi. Kijana anayejua kompyuta hutayarisha flashi yenye Ubuntu, programu ya bure, akitumia mashine nyingine. (Flashi hiyo isiwe na kitu mnachokihitaji, maana itafutwa.) Kompyuta yenu inawashwa kwa flashi hiyo, mashine nyingi hutaka F12, F9 au Esc ibonyezwe mara tu inapowaka. Itauliza kama mnajaribu Ubuntu au mnaiweka. Chagueni kujaribu! Mkichagua kuiweka, diski yote yaweza kufutwa. Kisha fungueni diski, ingieni Users, halafu jina la mtumiaji, na mnakili Documents na Desktop kwenye flashi ya pili.

Ikiwa imekufa kabisa, fundi aitoe diski, aitie kwenye kasha dogo la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Laptopu nyingine nyembamba zina diski iliyochomelewa kwenye ubao, hiyo haitoki hivi. Wanachama wawili wakae naye mpaka amalize, kwani humo mna namba za vitambulisho na za simu za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawadai mzitunze.

Mkiombwa namba yenye tarakimu 48, diski imefungwa kwa BitLocker. Hapo fundi hana ujanja. Mara nyingi namba hiyo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeisajili kompyuta. Ulizeni ilisajiliwa kwa barua pepe ya nani, na kama ni karani aliyeolewa mbali, mpigieni simu.

Diski ikigonga ka-ka-ka, zimeni upesi. Kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza. Wataalamu wenye vyombo vya kuifungua wapo, lakini gharama yaweza kupita bei ya kompyuta yenyewe. Kaeni mpime: pengine ni nafuu kuziandika hesabu upya kutoka vitabu vya wanachama, taarifa ya benki na ya M-Pesa.

Faili zikishapatikana, zifungueni moja moja kwenye kompyuta nyingine mbele ya mweka hazina, mlinganishe jumla na kitabu cha benki. Mpaka hapo, diski ya zamani ikae na mwenyekiti, asiiguse mtu.