KIPIMO CHA CHOMBO CHA SAFARI NI BEGA

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama akiwa ameketi barazani huuona mwepesi. Uzito wake anaujua yule tu aliyeutwika. Methali hiyo hutujia akilini kila tunapopita madukani na kuviona vyombo vipya vya safari vilivyopangwa kwa madaha: mahema yanayokunjwa yakaingia mkobani, majiko yasiyozidi ukubwa wa kikombe, kurunzi za kufungwa kichwani, redio za kushikwa kiganjani, taa za jua, na vile vibetri vya akiba ambavyo vijana huviita pawabenki. Muuzaji husema kwamba vyote ni vyepesi, vyote ni imara, na vyote havina mfano. Lakini muuzaji hasafiri navyo.

Baadhi ya wasomaji watadhani kwamba hayo ni mambo ya watalii. Ni kweli kwamba mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na wageni wenye mahema yao wamefunguliwa njia ya kufika kwetu. Hata hivyo, kwa wananchi wa Ngara, Biharamulo na visiwa vya Ziwa Viktoria, kulala kambini si anasa ya siku za likizo. Mvuvi wa dagaa hulala dagoni majuma mengi kwa mwaka. Muuguzi wa chanjo hulala alikokuchewa na jua. Mfugaji hulala porini na mifugo yake. Kwa watu hao chombo cha safari kikiharibika, hakuna hoteli ya kurudi. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza: chombo chema cha safari ni kipi, nani akichague, na kwa kipimo gani?

MASHUA ILIYOBEBWA MABEGANI

Jibu la kwanza tunalipata katika historia. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alipojiandaa kuingia bara kutoka pwani, alikuja na mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa namna ya kukatwa vipande ili wapagazi waibebe na kuiunga tena majini. Kwa fundi aliyeichora kule Uingereza, kazi ilikuwa imekamilika. Lakini vipande vilipofika Unguja vilionekana kuwa vizito mno kwa mabega ya watu, ikabidi vigawanywe upya kabla ya msafara kuondoka.

Mashua hiyo ilitiwa majini upande wa kusini wa Ziwa Viktoria mnamo Machi 1875, ikalizunguka ziwa zima. Mwaka 1876 ilifika Karagwe kwa Mfalme Rumanika, ikaelea katika mto Kagera, kisha ikabebwa kuelekea kusini kupitia nchi ya Usui, ambayo leo ni sehemu ya wilaya zetu hizi. Mwaka 1877 ilitelekezwa kando ya mto Kongo. Vitabu vingi vimemsifu mwenye mashua. Ni vichache vilivyoyakumbuka mabega. Hata hivyo, ni mabega hayo yaliyoamua jinsi mashua itakavyokatwa. Mpagazi mwenyewe alikuwa na vyombo vyake: kibuyu cha maji, chungu, mkeka na kisu. Vyote vilikuwa vyepesi, na kila kimoja kikivunjika aliweza kupata kingine katika kijiji kilichofuata.

Hapo tunapata vipimo viwili. Kimoja ni bega la mbebaji. Cha pili ni kijiji kinachofuata, yaani uwezekano wa kutengeneza au kupata kingine huko huko njiani.

RUSUMO, APRILI 1994

Somo la pili lilitufikia kwa uchungu mkubwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Idadi hiyo ilizidi wakazi wote wa wilaya kwa wakati ule. Kambi ya Benaco ikazaliwa, ikafuatwa na Lumasi, Lukole na nyinginezo, na jina la Ngara likatajwa duniani kote.

Katika mazingira kama hayo mwanadamu huijua thamani ya kila kitu alichobeba. Turubai la plastiki lilikuwa ndilo nyumba. Dumu la lita 20 lilikuwa ndilo kisima cha familia, maana bila chombo cha kuchotea na kuhifadhia, maji yaliyoletwa kwa lori hayakumfaa mtu. Sufuria moja yenye kifuniko ilikuwa mali. Miti ilipokwisha katika vilima vya jirani, watu walifundishwa kujenga majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, na jiko la namna hiyo, ambalo halibebeki hata kidogo, liliwafaa kuliko jiko lolote la dukani, kwa sababu ujuzi wa kulijenga ndio unaobebeka.

Redio nayo ilidhihirisha thamani yake. Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti linalohudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara, na jina lake lina maana ya tumaini. Kwa mtu aliyepotezana na jamaa zake, redio ndogo ya betri mbili si chombo cha starehe. Ndiyo barua, ndilo gazeti, ndiyo mbiu ya mgambo. Lakini betri mbili hizo zina bei, nazo huisha. Miaka hiyo hiyo ya 1990 Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kuzungushwa kwa mkono, isiyohitaji betri wala nyaya. Alitambua jambo ambalo wengi hulisahau: chombo chepesi kinachodai ununue kitu kila juma ni kizito mfukoni, hata kama bega halikisikii.

Basi na hicho ni kipimo cha tatu: mfuko wa mwenye chombo.

DAGONI

Sasa tuvuke kwenda visiwani. Wilaya ya Biharamulo ilifika hadi ukingo wa ziwa kabla ya kuundwa Wilaya ya Chato, ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika Mkoa wa Geita. Mipaka imebadilika, lakini udugu wa watu wa bara na watu wa visiwani haujabadilika. Wavuvi wa Goziba, Bumbire, Ikuza na kwingineko wanaishi kwa taa, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga, na mbalamwezi ikiwa kali kazi husimama.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Mvuvi hupiga pampu, hewa huyasukuma mafuta ya taa yapande katika bomba dogo, yapate moto yageuke mvuke, na mvuke huo huwaka ndani ya utambi mwembamba wenye umbo la mfuko, ukatoa mwanga mweupe mkali. Ni chombo cha akili nyingi. Lakini utambi ule ukishaungua hubaki kama jivu, na mtikiso mmoja wa wimbi huuvunja. Na mafuta yake huchukua sehemu ya pato la kila usiku. Ndiyo maana taa za betri zinazochajiwa kwa jua zimepokewa kwa furaha. Hazina utambi, hazizimwi na upepo, wala hazimwagi mafuta mtumbwini.

Hata hivyo, karabai ilikuwa na sifa moja ambayo taa nyingi mpya hazina. Kila mwalo ulikuwa na mtu aliyejua kuizibua, kuibadilisha ngozi ya pampu na kuifunga utambi mpya. Taa nyingi mpya zimefungwa kwa gundi. Betri yake ikifa, taa nzima imekufa, na mzoga wake hutupwa ufukweni au majini, ambako sumu yake hubaki pamoja na samaki tunaowala. Wahenga walikwisha kusema: rahisi ghali.

HESABU YA BETRI

Mnunuzi anaweza kujilinda kwa hesabu ndogo. Nguvu inayohifadhiwa na betri hupimwa kwa wati-saa. Simu ya kawaida ya kisasa hubeba wati-saa 15 hivi. Pawabenki iliyoandikwa miliampea-saa 10,000 huwa na wati-saa 37, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kwa joto wakati wa kuuhamisha, itaijaza simu hiyo mara mbili hivi. Taa ya wati 3 ikiwaka kwa saa 8 hula wati-saa 24. Bamba la jua la wati 10 likipata jua kali kwa saa 5 hutoa wati-saa 50 katika karatasi, na pungufu ya hapo juu ya paa.

Maana yake ni kwamba bamba la ukubwa huo linatosha taa moja na simu moja siku ya jua, na siku ya mawingu halitoshi. Muuzaji anayeahidi kwamba bamba lenye ukubwa wa daftari litawasha taa tatu, redio na televisheni usiku kucha, anauza maneno. Nayo pawabenki iliyoandikwa tarakimu kubwa mno, ilhali ni nyepesi kama kiberiti, inajishuhudia yenyewe.

WATUMISHI WA UMMA

Tunalo pia neno kwa viongozi na watendaji wa Serikali. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na karani aliyekwenda kitongoji kisicho na umeme alitambua kwamba chombo cha kisasa kina njaa ya kila siku. Kazi nyingine za umma nazo zinaelekea huko huko. Kumpa mtumishi chombo bila kumpa njia ya kukilisha ni kumpa jembe lisilo na mpini.

Tazameni, kwa mfano, kasha la chanjo analobeba muuguzi. Halina betri wala kioo cha kuonyesha tarakimu. Lina kuta nene, mfuniko unaobana, na vipande vya barafu vinavyohifadhi baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Muuguzi hulitundika begani, akapanda nalo mtumbwini, na mtoto wa kisiwani akapata kinga sawa na mtoto wa mjini. Hicho ndicho chombo kilichobuniwa na mtu aliyefikiria bega, kijiji na mfuko. Tungefurahi kama kila chombo kinachonunuliwa kwa fedha za umma kingepitishwa katika mtihani huo huo, na kama wale watakaokibeba wangeulizwa kabla ya hati ya ununuzi kutiwa sahihi.

Shirika la Viwango Tanzania limekuwako tangu mwaka 1975. Tunaliomba lisiishie katika bandari kuu na miji mikubwa. Taa na betri hafifu aghalabu hukimbilia kwenye minada ya mipakani na miaro ya visiwani, mahali ambapo mnunuzi akidanganywa hana pa kulalamikia. Vilevile vyuo vya ufundi vifundishe utengenezaji wa taa za jua na betri, ili kila mwalo upate tena fundi wake kama ulivyokuwa naye enzi za karabai.

KINACHOTANGULIA NI UHAI

Yapo mambo mawili ambayo hatuwezi kuyafunga maandishi haya bila kuyasema. La kwanza ni jiko. Jiko la mkaa au la mafuta likiwashwa ndani ya hema au kibanda kilichofungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Baridi ya vilima vya Ngara isimshawishi mtu kuingiza jiko alalapo.

La pili ni ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 tuliwapoteza mamia ya ndugu zetu katika meli ya MV Bukoba. Na tarehe 20 Septemba 2018 zaidi ya watu 220 walikufa karibu na kisiwa cha Ukara katika kivuko cha MV Nyerere. Baada ya misiba hiyo haifai kuona mtumbwi umebeba redio mpya, taa mpya na simu tatu, lakini hauna jaketi okozi hata moja. Jaketi okozi ni chombo cha safari kuliko vyote. Halihitaji betri, halina tarakimu za kudanganya, na bega halihisi uzito wake. Simu nayo itiwe katika mfuko usiopenya maji, maana simu iliyolowa haiwezi kuita msaada.

Leo maporomoko ya Rusumo yana mitambo ya megawati 80 inayomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Tunajivunia hatua hiyo. Lakini umeme wa nguzo haumfuati mvuvi ziwani, wala haumwandami muuguzi njiani. Hao wataendelea kutegemea kile walichobeba. Wajibu wetu, wauzaji, wanunuzi na Serikali, ni kuhakikisha kwamba walichobeba hakitawaangusha usiku wa manane, na kabla ya kukisifu kwamba ni chepesi, tukitwike sisi wenyewe kwanza.