Kazi ya Kuandika Maisha ya Wenzetu

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kusimama penye kaburi ukamsikia mtu akisoma historia ya marehemu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaoa, akajaliwa watoto saba, akaugua, akatutoka. Karatasi moja, dakika tano, kisha udongo. Je, umewahi kujiuliza karatasi ile ilitoka wapi? Ni nani aliyekaa nayo usiku wa msiba, wengine wakilia na wengine wakipasua kuni, akiuliza majina ya watoto na mwaka wa kuzaliwa?

Hapa Runzewe mara nyingi ni mimi. Mimi ni karani wa parokia, nilisomea ualimu chuoni, na mwandiko wangu unasomeka. Kazi ya ofisini haina bei kwa mtu anayekuja na shida yake. Lakini jioni, ofisi ikiisha kufungwa, watu hunijia nyumbani na kazi ya namna nyingine, nayo ina bei. Sioni haya kulisema, kwa kuwa mabati ya nyumba yangu yametoka huko. Leo nataka nikueleze kazi hiyo, hasa wewe kijana uliyemaliza shule, unayekaa barazani na kalamu mfukoni ukisema hakuna kazi. Nitakueleza pia kosa nililolifanya, kwani ukianza kazi hii bila kulijua, utalifanya na wewe.

Mji wetu ni mji wa njiani. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Wachimbaji wa dhahabu huja na kuondoka, na wengine huja hawaondoki. Katika mji wa namna hii wako watu wengi ambao hakuna jirani ajuaye habari zao. Kule kwao mzee mmoja angesema, “Huyu ni mwana wa fulani,” na maneno yangekwisha. Hapa kila mtu hana budi kujieleza mwenyewe: kwa tajiri anayetafuta mlinzi, kwa ofisi ya vitambulisho, kwa kikundi cha kukopeshana, hata kwa wakwe. Na kujieleza ni kazi ngumu kuliko kupasua mawe. Nimewaona wanaume waliozoea kushuka chini ya ardhi bila woga wakitokwa na jasho mbele ya karatasi tupu.

Nikupe mfano. Alinijia mtu mmoja aliyekaa machimboni miaka kumi na moja. Alitaka barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Nikamwuliza, “Umefanya kazi gani maishani?” Akajibu, “Mwalimu, mimi sina historia. Nimechimba tu.” Sikuandika neno. Nilimpa chai, nikamwuliza siku yake ilivyokuwa tangu alfajiri. Polepole yakatoka. Kumbe kwa miaka minne ndiye aliyeshika daftari la duara: viroba vingapi vya mawe vimetoka, mgawo wa mwenye leseni ni vingapi, wa mwenye duara vingapi, wa wachimbaji vingapi. Na katika miaka hiyo minne hakuna aliyemshtaki kwa wizi wa kiroba kimoja. Nikamwambia, “Ndugu yangu, wewe huombi ulinzi. Wewe ni mtunza stoo.” Tukaandika hivyo, na kazi akaipata. Sikumwongezea hata neno moja la uongo. Nilichofanya ni kulileta mbele lile alilolificha nyuma kwa kudhani halina thamani.

Usidhani kazi hii imezuka jana. Wazee wetu wa Tabora walimjua sana Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Katika uzee wake huko Unguja, Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, alimhimiza aandike maisha yake. Yakaandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, Brode akayageuza katika herufi za Kilatini, yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 1905. Ukiyasoma utaona safari, vita, madeni na hesabu za pembe. Lakini wale waliozibeba pembe hizo hakuna aliyewatafuta awaulize maisha yao. Jambo hili nataka ulikumbuke, kwani nitalirudia.

Kisha mtazame Shaaban Robert. Sisi tunamjua kwa mashairi, lakini mkate wake ulikuwa ukarani wa serikali. Yeye aliyaandika maisha yake mwenyewe, na tena akaandika wasifu wa Siti binti Saad. Bibi huyu alizaliwa Fumba, Unguja, alitembeza vyungu kwa kuuza, hakupelekwa shule, na mwaka 1928 alikwenda Bombay sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Shaaban Robert alizungumza naye mwenyewe kabla hajafa mwaka 1950, na wasifu ule ukatoka mwaka 1958. Karani alikwenda kumsikiliza mwuza vyungu! Kama asingekwenda, tungebaki na nyimbo tu. Na mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa kitabu cha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Waliwahoji kwa Kiswahili, wanawake wenyewe wakasimulia utumwa wa zamani, ndoa, ngoma na ugomvi wa mitaa. Huko nyuma nani angefikiri kwamba maneno ya ukumbini yatakuwa kitabu?

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Kwanza, usianze na tarehe. Ukimwuliza bibi wa miaka themanini, “Ulizaliwa mwaka gani?” utamtia haya tu. Anza na mambo anayoyaona machoni. Je, wakati wa Uhuru, mwaka 1961, alikuwa amekwisha kuolewa? Watu walipohamishiwa vijijini mwaka 1974, alikuwa na watoto wangapi? Mume alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978? Kwa watu wa kanda yetu ya ziwa hakuna alama iliyo imara kuliko meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Nimepata miaka ya kuzaliwa ya watu wengi kwa swali moja: “Mama, siku Bukoba ilipozama, huyu ulikuwa umembeba mgongoni au alikuwa anatembea?” Hata mvua kubwa za mwaka 1997, na kifo cha Mwalimu Nyerere mwezi wa Oktoba 1999, hufaa sana. Kama mtu amebatizwa, daftari la ubatizo lina siku ya kuzaliwa, majina ya wazazi na la msimamizi. Mwambie akaombe cheti chake. Usikisie.

Pili, nyamaza. Hili ndilo gumu kwetu tuliosomea ualimu, maana tumezoea kusahihisha. Mtu akikwambia alifukuzwa kwao, usiseme pole haraka haraka ukaruka kwenda swali la pili. Ngoja. Mara nyingi neno alilolijia huja baada ya kimya kile. Simu yako inaweza kunasa sauti, lakini omba ruhusa kwanza, na ukiisha kuandika, ifute mbele yake.

Tatu, ukimaliza kuandika, msomee yote kwa sauti. Usimwachie karatasi asome mwenyewe, hata kama anajua kusoma, kwani kwa haya atasema “ni sawa tu”. Lakini akisikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, papo hapo atasema, “Hapana, hapo sikusema hivyo.” Nami nimewaona watu wakilia, si kwa huzuni, bali kwa kuwa hawakuwahi kuyasikia maisha yao yakiwa yamepangwa toka mwanzo hata mwisho.

Utauliza juu ya bei. Mimi hutoza shilingi 3,000 kwa barua ya kazi na 10,000 kwa historia ya marehemu. Mzee akitaka kuwaachia wajukuu kijitabu cha kurasa thelathini au arobaini, tunapatana, naye hulipa kidogo kidogo kila tunapokutana. Kuchapa na kutoa nakala steshenari ni juu yake. Usitoze kwa wingi wa machozi. Na kuna kazi ambazo usizitie mkono hata ukipewa fedha nyingi: hati za kiapo na hati nyingine za kisheria ni za mawakili, na sheria inamkataza asiye wakili kuzitengeneza kwa malipo. Wosia nao mpeleke kwa anayejua sheria, usije ukaharibu nyumba ya watu kwa sentensi moja.

Juu ya siri, wengine huniambia, “Karani, kwako ni kama kitubioni.” Hasha! Mimi si padre, wala sitaki mambo yasiyohusu karatasi tunayoiandika. Lakini niliyoyasikia siyatoi sokoni. Hata mfano wa yule mchimbaji nimeuandika kwa ruhusa yake, na huu unaofuata pia nimeuombea ruhusa.

Sasa kosa langu. Usiku mmoja niliitwa kwenye msiba wa mtu mwenye duara, mtu aliyejulikana. Baba mdogo wa marehemu alikaa karibu nami akinitajia, mjane akithibitisha. Tulipofika kwenye watoto, wakataja sita. Mama mmoja mzee aliyeketi nyuma akasema taratibu, “Na yule wa Kahama?” Pakawa kimya. Baba mdogo akaniinamia akasema, “Mwalimu, usiandike hilo. Utaleta maneno msibani.” Mjane alitazama chini. Saa ilikuwa ya nane usiku, mimi nilikuwa nimechoka, nao ndio walionilipa. Nikaandika: marehemu ameacha mjane na watoto sita. Nikapokea shilingi 10,000 zangu.

Kesho yake nilisimama nikasikia karatasi ile ikisomwa. Karibu na mwembe alisimama msichana wa miaka kama ishirini, ana mkoba wa safari begani, hakuna aliyempa kiti. Niliposikia neno “sita” nilimtazama, naye alikuwa ananitazama, au labda nilidhani tu.

Miezi mitatu baadaye ukoo ulikaa kikao cha mirathi. Msichana akaja kusema yeye ni mtoto wa marehemu. Mtu akatoa karatasi mfukoni akasema, “Hata historia iliyosomwa kaburini, mbele ya watu wote, yasema watoto sita. Wewe umetoka wapi?” Utaniambia, msomaji, kwamba karatasi ya msibani si hati ya mahakama. Kweli, si hati. Lakini watu wengi walikuwa wameisikia ikisomwa penye kaburi wazi, na hakuna aliyeinuka kuipinga. Muhtasari wa kikao ukaandikwa hivyo hivyo, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Ndipo binti yule akaja ofisini kwangu. Hakuja kunilaumu, wala hakujua kama ni mimi niliyeandika. Alikuja kuomba cheti cha ubatizo. Mama yake alikuwa akiishi hapa kabla ya kuhamia Kahama, na mtoto alibatizwa hapa. Nikashusha daftari kabatini, nikatafuta mwaka. Jina lake lilikuwepo, kwa mwandiko wa karani aliyenitangulia, na katika nafasi ya baba lilikuwepo jina la marehemu, wazi kabisa. Daftari lile ndilo ninalolishika kila juma. Usiku ule wa msiba funguo za kabati zilikuwa mfukoni mwangu.

Nilimwandikia cheti. Kisha nikamwambia kwamba historia ile niliiandika mimi. Alinyamaza kitambo, akasema, “Basi, kaka, ulinisahau?” Nikamwambia sikumsahau, nilikuwa nimeambiwa. Ilikuwa afadhali kwangu angenitukana.

Siku ya shauri nilikwenda naye mahakamani, nikaeleza kwamba karatasi ni yangu, kwamba mtoto wa saba alitajwa mbele yangu, nami nikamwacha. Baba mdogo hanisalimu tangu siku ile, na watu wa ukoo ule hunipita wakaenda kuandikiwa na kijana wa steshenari. Hiyo ni haki yao. Mimi tangu hapo, nikiambiwa “huyo usimwandike”, hueleza kwamba naweza kuandika “ameacha watoto” bila kutaja idadi, lakini idadi ya uongo siandiki. Wengine hukubali, wengine huchukua fedha zao wakaondoka.

Mirathi ile ilikuwa bado haijagawanywa binti aliponijia mara ya pili, jioni, nyumbani. Alitaka historia ya baba yake iandikwe upya, yenye watoto saba, akaiweke katika sanduku lake pamoja na cheti. Tukakaa. Nilimwuliza juu ya baba yake kama ninavyowauliza watu wote, naye akanieleza mambo ambayo wale sita hawakuwa wameyataja: kwamba alikuwa akileta mahindi ya kuchoma kila alipokuja, na kwamba alimfundisha kuhesabu kwa kokoto. Nikaandika, nikamsomea, akasahihisha mahali pawili. Kisha akafungua mkoba akaniuliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia imekwisha lipwa.