Wakili Asiyetaka Kesi na Mbwa Aliyeokolewa: Utanzu Mmoja wa Riwaya ya Upelelezi Ukitazamwa kutoka Mulongo

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza utanzu mmoja mdogo wa riwaya ya upelelezi, nao ni hadithi ya mahakamani yenye kuchekesha, ambayo shujaa wake ni wakili asiyependa kazi yake na ambayo wahusika wake wa karibu ni mbwa waliookolewa. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili, na hasa lina uhusiano gani na Mulongo, katika mkoa wa Haut-Lomami, ambao makao yake makuu ni Kamina. Jibu letu ni kwamba utanzu huu umejengwa juu ya mambo matatu ambayo msomaji wa Mulongo anayajua vizuri kuliko wasomaji wengi: ugumu wa kumpata wakili, thamani ya ushahidi wa kitu kisichosema, na hali ya mshtakiwa anayehukumiwa kwa lugha isiyo yake. Kwa hiyo tutaeleza kwanza umbo la utanzu wenyewe, kisha tutaonyesha mizizi yake katika fasihi ya Kiswahili, na mwishoni tutauliza ungekuwaje kama ungeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga.

2. Umbo la utanzu

Mfano ulio wazi ni mfululizo wa riwaya za Mmarekani David Rosenfelt, ulioanza mwaka 2002 kwa kitabu kiitwacho Open and Shut. Shujaa wake, Andy Carpenter, ni wakili wa mji wa Paterson, katika jimbo la New Jersey. Katika kitabu hicho cha kwanza anarithi dola milioni 22 kutoka kwa baba yake. Urithi huo si pambo la hadithi, bali ndio unaoiendesha. Mtu asiyehitaji fedha hana sababu ya kupokea kesi, na kwa hiyo kila kesi anayoipokea lazima iwe na sababu nyingine. Mara nyingi sababu hiyo ni mbwa. Wakili huyu ana mbwa wake, Tara, na pamoja na wenzake anaendesha shirika la kuwaokoa mbwa waliotupwa. Mwandishi mwenyewe, katika maisha yake halisi, ameendesha shirika la aina hiyo pamoja na mkewe.

Katika riwaya ya Play Dead, ya mwaka 2007, wakili anamwokoa mbwa aliyekuwa karibu kuuawa. Baadaye yabainika kwamba mbwa huyo alikuwa wa mtu aliyefungwa kwa kosa la kumwua mchumba wake, na kwamba kila mtu aliamini mbwa naye alikufa katika tukio lilelile. Tazama ustadi wa jambo hili. Mbwa hakuapa wala hakuhojiwa, lakini kule kuwa hai kwake kunaitikisa hukumu nzima. Ikiwa maelezo ya upande wa mashtaka yamekosea juu ya mbwa, ni nani atakayetuhakikishia kwamba hayakukosea juu ya mtu?

Tunaweza basi kutaja nguzo tatu za utanzu huu. Ya kwanza ni wakili mvivu wa maneno ya kujisifu na mwepesi wa mzaha, ambaye anaingia kesini kwa kusukumwa. Ya pili ni mbwa ambaye uokozi wake ndio mlango wa kuingilia katika fumbo. Ya tatu ni mahakama, mahali ambapo kila mzaha una mpaka wake, kwa kuwa nyuma ya mzaha huo yuko mtu anayeweza kufungwa maisha. Nguzo ya tatu ikiondolewa, hubaki kichekesho kitupu.

3. Mizizi katika fasihi ya Kiswahili

Mtetezi mcheshi si mgeni katika Kiswahili. Abunuwasi wa ngano zetu ni wakili asiye na joho. Katika kisa kimoja mashuhuri, maskini anadaiwa fedha na tajiri kwa sababu alinufaika na harufu ya chakula chake. Abunuwasi anazichukua fedha, anazigonganisha, na kumwambia tajiri kwamba mlio wa fedha ndiyo malipo ya harufu. Hoja hiyo inachekesha, lakini pia ni hoja ya sheria iliyo kamili: malipo yalingane na kile kilichochukuliwa. Ndiyo maana tunasema kwamba kicheko hapa si mapumziko ya hoja. Ndicho chombo kinachoibeba.

Mpelelezi naye aliingia katika riwaya ya Kiswahili kwa mlango wa ucheshi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1991, alimwumba Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Jina la Msa limefanana na herufi za mwanzo za majina ya mwandishi mwenyewe, na huo tayari ni mzaha. Bwana Msa na rafiki yake Najum wamelinganishwa mara nyingi na Sherlock Holmes na Watson. Katika kitabu hicho cha kwanza maiti inaonekana katika mzimu unaoogopwa, na kazi ya Bwana Msa ni kuonyesha kwamba muuaji ni mtu kama watu wengine. Vitabu vingine vilifuata, kikiwamo Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, hata kufikia Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984, ambacho jina lake lenyewe linampunguzia shujaa utukufu.

Baada yake walikuja wapelelezi wa namna nyingine. Faraji Katalambulla alituletea Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo, mwaka 1965. Elvis Musiba alituletea jasusi Willy Gamba. Na Ben Mtobwa alituletea Joram Kiango. Katika kundi hili yumo polisi, yumo jasusi, na yumo mtu binafsi mwenye akili kali. Wakili hayumo. Hadithi hizi hukoma pale mhalifu anapojulikana, yaani pale ambapo kazi ya wakili ndipo inapoanza. Tukisema hivi hatuwalaumu waandishi hao. Tunaonyesha tu chumba ambacho bado kiko wazi katika nyumba waliyoijenga.

4. Mbwa: aokoaye na aokolewaye

Kiingereza hutumia jina moja kwa mbwa anayewatafuta watu waliopotea na kwa mbwa aliyetolewa katika mateso. Kiswahili hakituruhusu uvivu huo. Kitenzi kinatulazimisha kuchagua kati ya kuokoa na kuokolewa, na uchaguzi huo unabadili hadithi. Mbwa aokoaye ni mtumishi wa sheria. Mfano wake halisi uko mashariki mwa Kongo, katika Hifadhi ya Virunga, ambako askari wa hifadhi wanatumia mbwa wenye pua kali kufuata nyayo za majangili. Mbwa aliyeokolewa ni mteja wa sheria, tena mteja asiyelipa. Uzuri wa utanzu tunaouzungumzia ni kwamba mbwa huanza akiwa wa aina ya pili na kumaliza akiwa wa aina ya kwanza, kwa kuwa aliyeokolewa anamwokoa mtu.

Hata hivyo, mwandishi wa Kiswahili hawezi kumchukua mbwa wa New Jersey kama alivyo. Katika pwani, ambako madhehebu ya Shafii yanafuatwa, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Msomaji wa huko akiambiwa kwamba wakili analala kitanda kimoja na mbwa, ataacha kufikiri juu ya muuaji na kuanza kufikiri juu ya shuka. Lakini msomaji huyohuyo anakijua kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Yaani huruma kwa mbwa inaeleweka pwani, ila inasimama mlangoni.

Bara mambo ni mengine. Katika Kiswahili cha Katanga mnyama huyu huitwa imbwa, naye ni mwenzi wa mwindaji. Bonde la Kongo ndilo lenye asili ya mbwa ambaye dunia inamwita basenji, jina lenye shina lilelile la neno letu mshenzi. Wazungu walifaulu kumfuga Ulaya katika miaka ya 1930. Mbwa huyo ana sifa mbili ambazo mwandishi wa upelelezi hawezi kuzipuuza: kwa kawaida habweki, na anapowinda hufungwa kengele ya mti shingoni ili mwenyewe ajue alipo.

Wasomaji wa Arthur Conan Doyle wanakumbuka hadithi ya Silver Blaze, ya mwaka 1892, ambamo Holmes anagundua mhalifu kwa sababu mbwa hakubweka usiku: aliyeingia alikuwa mtu anayemjua. Ushahidi huo haufai kitu kwa mbwa wa mwindaji wa Kongo, ambaye angekaa kimya hata kama angeingia mfalme wa wezi. Tuchukue mfano wa kubuni. Mbuzi ameliwa usiku, na imbwa wa mwindaji mmoja ameshtakiwa. Majirani wote wanakubali kwamba hawakusikia kengele. Mwendesha mashtaka anasema ukimya huo ni hila ya mbwa. Wakili, ambaye hakuitaka kesi hii hata kidogo, anaomba kengele iletwe. Ndani yake yanakutwa majani yaliyosokotwa kuuzuia ulimi. Mbwa anaweza kuiba mbuzi, lakini hawezi kuziba kengele yake mwenyewe. Kwa Doyle ukimya ulimwonyesha mtu ambaye mbwa anamjua. Hapa ukimya unauonyesha mkono wa binadamu.

5. Mulongo: ushahidi, sheria na lugha

Mulongo imo katika nchi ya Waluba, na Waluba wana mapokeo marefu ya kutafuta jambo lililofichika. Waaguzi wao waitwao bilumbu hutumia kibuyu kiitwacho mboko, chenye vitu vidogo vingi ndani yake. Kibuyu hutikiswa, kisha mwaguzi huvisoma vitu kwa jinsi vilivyokaribiana. Kipo pia chombo cha mti kiitwacho kashekesheke, ambacho mwaguzi na mteja hukishika pamoja, na mwendo wake hujibu maswali. Mahakama ya serikali haihukumu kwa mboko. Lakini mwanafunzi wa fasihi ataona kwamba kusoma maana katika mpangilio wa vitu vilivyo kimya ndiyo kazi hasa ya mpelelezi wa riwaya. Tofauti ni kwamba mpelelezi anadaiwa kuionyesha njia aliyoipita, hatua kwa hatua, mbele ya mpinzani.

Sheria nayo ina ucheshi wake. Kanuni za mikataba na wajibu zinazotumika Kongo zilitokana na dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, kabla nchi haijawa koloni la Ubelgiji mwaka 1908. Kifungu cha 261 kinasema kwamba mwenye mnyama, au yule anayemtumia wakati anapomtumia, anawajibika kwa hasara iliyoletwa na mnyama huyo, awe alikuwa chini ya uangalizi wake au alipotea au alitoroka. Hebu msomaji aione furaha ya mwandishi wa riwaya hapa. Siku ya mgawo wa nyama imbwa ana wenyewe kumi, na siku ya kulipa mbuzi hana hata mmoja. Zaidi ya hayo, mtu mwema anayemwokota mbwa na kwenda naye porini kuwinda amejitwika pia makosa yake.

Wakili asiyetaka kesi naye yupo, ila sababu zake si urithi. Taaluma ya uwakili nchini Kongo imepangwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, ambayo inawatambua mawakili na pia watetezi wa mahakamani. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kujitetea au kusaidiwa na mtetezi amtakaye. Asiye na uwezo anaweza kupewa wakili aliyeteuliwa na chama cha mawakili. Wakili huyo hakuichagua kesi, hakulipwa inavyostahili, na mara nyingine anakutana na mteja wake kwa mara ya kwanza siku ileile ya kusikilizwa. Andy Carpenter hataki kesi kwa sababu ni tajiri. Huyu wetu hataki kwa sababu hana nauli. Kicheko cha kwanza ni chepesi, na cha pili kinauma.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia. Kifungu cha 1 cha Katiba hiyohiyo kinafanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na kinataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai kuwa lugha za taifa. Mtu wa Mulongo anazungumza Kiluba cha Katanga nyumbani na Kiswahili sokoni, lakini hukumu huandikwa kwa Kifaransa. Basi katika chumba cha mahakama anaweza kukaa kimya kama imbwa wa porini, na watu wakauchukua ukimya wake kuwa kukiri. Wakili wa riwaya tunayoifikiria hatakuwa shujaa kwa sababu ya kumshinda mwendesha mashtaka kwa maneno makali. Atakuwa shujaa siku atakapoomba swali lirudiwe kwa Kiswahili, na mshtakiwa akajibu kwa mara ya kwanza.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba utanzu huu, ingawa umekua Marekani, una ndugu zake katika Abunuwasi na Bwana Msa, na kwamba wakili ni mhusika ambaye mapokeo ya riwaya ya upelelezi tuliyoyataja hayakumpa nafasi ya mbele. Tumeona pia kwamba kuuhamisha utanzu si kutafsiri majina. Mbwa lazima abadilike, sababu ya wakili kusita lazima ibadilike, na fumbo lenyewe lazima litokane na kengele, nyama na lugha za mahali. Mwandishi wa Katanga atakayeijaribu kazi hii atakuwa na sharti moja gumu kuliko yote. Itambidi aandike mahakama ambamo Kifaransa, Kiswahili na Kiluba vinasikika kila kimoja kwa sauti yake, bila kumfanya mwenye Kiluba kuwa ndiye wa kuchekwa. Walimu wanaofundisha uandishi wa kubuni wanaweza kuanza na zoezi dogo: wawape wanafunzi kengele iliyozibwa majani, na kuwataka waandike maswali kumi ya wakili kwa shahidi, kwanza kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa Kiswahili cha Kamina.